Hudi yako ya chuo imeshonwa na nani?



Wewe unayeishi Molo huhitaji kuelezwa thamani ya hudi. Mji huu uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni, Julai, asubuhi zake hazina huruma na mtu. Ndiyo maana siku ya soko, robota la mitumba likifunguliwa, hudi ndizo zinazogombaniwa kwanza. Siku nyingine ukiwa pale ziangalie vizuri vifuani. Utaona Michigan. Utaona Duke, Georgetown, Wisconsin. Ni vyuo vya Marekani, na anayevaa pengine hajui viko jimbo gani. Yeye anataka joto, na hana kosa.

Lakini majina hayo manne yana kisa chake, na kisa chenyewe kinakuhusu wewe uliye Egerton hapo Njoro, wewe wa chuo cha ufundi, na wewe unayesubiri kuitwa na KUCCPS.

Januari 1999 wanafunzi wa Duke waliingia katika ofisi za wakuu wa chuo chao wakakaa. Walikaa saa 31. Februari wenzao wa Georgetown wakafanya hivyo hivyo, wao saa 85. Wisconsin wakafuata mwezi huo huo, na Machi ikawa zamu ya Michigan. Hawakuwa wanalilia karo wala chakula cha mesi. Swali lao lilikuwa moja: hizi fulana, kofia na hudi zenye jina la chuo chetu zinashonwa wapi? Tupeni jina la kiwanda na mahali kilipo.

Ili uelewe kwa nini swali dogo hivyo lilileta vita, lazima ujue biashara yenyewe inavyokwenda. Kule kampuni haiwezi kuchapa tu jina la chuo kwenye nguo. Lazima ipewe leseni, na kwa kila nguo inayouzwa chuo kinapata asilimia yake. Kwa hiyo jina la chuo ni mali, na chuo kinakula kutoka kwa jina hilo. Wanafunzi wakasema basi: kama mnakula kutoka kwa jina, mtajibu pia yanayofanywa chini ya jina. Maana nguo zilikuwa zinashonwa Honduras, Indonesia, Jamhuri ya Dominika na kwingineko, katika vile wanavyoviita viwanda vya jasho. Unavijua hata kama hujawahi kusikia jina hilo. Ni kiwanda ambacho saa za kazi hazina mwisho, mshahara haumalizi mwezi, kwenda choo ni kwa ruhusa, na ukitaja chama cha wafanyakazi leo, kesho getini askari anaambiwa usifunguliwe.

Mwaka mmoja kabla, 1998, wanafunzi hao walikuwa wameunda umoja wao, United Students Against Sweatshops. Jibu la makampuni mwanzoni lilikuwa kwamba anwani za viwanda ni siri ya biashara. Mshindani akizijua atatuibia. Wanafunzi hawakununua hilo, na kabla 1999 haijaisha Nike ikatoa orodha ya viwanda vilivyokuwa vinashona nguo zake za vyuo. Biashara ya Nike haikufa. Hiyo "siri" ilikuwa siri kwa mnunuzi na kwa mfanyakazi peke yao.

Mwaka 2000 likaanzishwa shirika la Worker Rights Consortium, kazi yake kwenda kuchunguza viwanda hivyo bila kuwa na mwakilishi wa makampuni ndani yake. Hapo ndipo wakubwa walipokasirika kweli. Chuo cha Oregon kilipojiunga, Phil Knight wa Nike, ambaye alisoma hapo hapo, akaondoa mchango wa dola milioni 30 aliokuwa ameahidi. Milioni 30 za dola kwa sababu ya swali la nani ameshona fulana! Ukitaka kujua swali lina uzito kiasi gani, tazama mtu yuko tayari kulipa nini ili lisijibiwe.

Kisha kuna kisa cha Russell, ambacho ndicho hasa nataka ukibebe. Russell Athletic ilikuwa na kiwanda Honduras, Jerzees de Honduras, chenye wafanyakazi wapatao 1,200. Wafanyakazi wakaunda chama. Januari 2009 kampuni ikafunga kiwanda. Wanafunzi wa Marekani wakaenda chuo kwa chuo wakidai mkataba na Russell uvunjwe, na vyuo karibu 100 vikavunja au kusimamisha mikataba yao. Novemba mwaka huo huo Russell ikakubali kufungua kiwanda kipya huko huko Honduras, kuwarudisha wafanyakazi na kukitambua chama chao.

Angalia walichodai. Hawakusema "tusinunue tena nguo za Honduras". Hapo wangekuwa wamewamaliza wale mama kabisa. Walidai kampuni irudi, ilipe, na iheshimu chama. Na silaha yao haikuwa mwanafunzi mmoja kukataa fulana moja dukani. Ilikuwa mkataba. Mnunuzi mkubwa ni chuo, na chuo kina wanafunzi ndani yake wanaoweza kugonga mlango.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Kenya ipo ndani ya kisa hiki kuliko unavyodhani.

Tangu 1990 tuna sheria ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, EPZ. Kubwa linajulikana, Athi River. Mwaka 2000 Marekani ikapitisha AGOA, nguo zetu zikaanza kuingia kule bila ushuru, na viwanda vikajaa Athi River, Nairobi na Mombasa. Wengi wa wanaoshona humo ni wanawake, na wengi ni wa umri wako. Januari 2003, serikali ya NARC ikiwa ndiyo kwanza imeingia, maelfu ya wafanyakazi wa EPZ waligoma. Mwaka uliofuata Kenya Human Rights Commission ikatoa ripoti nzima kuhusu hali ya viwanda hivyo. Kelele zilipanda, kisha zikashuka, na nguo zikaendelea kupanda meli.

Kwa hiyo mzunguko wenyewe ndio huu. Dada wa Athi River anashona nguo, inapelekwa Marekani, inavaliwa misimu miwili, inatupwa kwenye boksi la msaada, inafungwa robota, inarudi Gikomba, inapanda lori mpaka Molo. Siwezi kukuambia hudi uliyonayo wewe ilipita njia hiyo. Lakini njia hiyo ipo, na kwenye safari yote hiyo anayepata kidogo zaidi ni yule aliyeshika cherehani.

Najua kuna anayesema: hao wakidai sana, kiwanda kitahama na hata hicho kidogo kitapotea. Hoja hii si ya kupuuza. Tuliona. Mkataba wa dunia uliokuwa unagawa viwango vya nguo ulipoisha mwanzo wa 2005, viwanda kadhaa vya Kenya vilifungwa, na maelfu wakabaki bila kazi. Na AGOA yenyewe inategemea kura ya Washington. Kila muda wake ukikaribia kwisha, kama ilivyokuwa Septemba 2025, wafanyakazi wa Athi River wanakaa roho juu. Kwa hiyo anayekuambia tususie tu nguo, mwambie asante lakini hapana. Lakini tazama vizuri ni nini kilifunga viwanda vile 2005. Ni bei na sheria za biashara za kimataifa, mambo ambayo mshonaji hakuulizwa. Kunyamaza kwake hakukumwokoa. Na Russell inaonyesha kwamba mnunuzi akitaka, kiwanda kinabaki na mshahara unapanda.

Hayo ni ya Athi River na ng'ambo. Tuje kwa hudi nyingine sasa, ile iliyoandikwa jina la chuo CHAKO.

Hii haikutoka Marekani. Unajua ilivyopatikana, pengine hata ulikuwa kwenye grupu ya WhatsApp. Kiongozi wa darasa alikusanya pesa kwa M-Pesa. Komredi mmoja mwenye kipaji akachora nembo kwenye simu. Akatafutwa "mtu wa hudi", Nakuru au Nairobi, mkasukumana bei siku tatu, mkakubaliana, na mwisho mkaambiwa: zije kabla ya Ijumaa, kuna safari ya darasa. Zikaja. Mkapiga picha. Kati ya M-Pesa na picha kuna mtu alikata kitambaa, mwingine akashona, mwingine akachapa au kudarizi, na hakuna hata mmoja kati yenu anayejua alikuwa wapi.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Darasa lina watu 60, hudi ni shilingi 1,300. Jumla 78,000. Mmebembeleza mpaka ikashuka shilingi 150 kwa kila hudi, mmeokoa 9,000, mnafurahi. Hizo 9,000 zimetoka wapi? Kitambaa kina bei yake, wino una bei yake, stima ina bei yake, na muuzaji hakuja mjini kufanya sadaka. Kitu kinachobanika kwa urahisi ni mkono, kwa sababu fundi analipwa kwa kipande. Na ile "kabla ya Ijumaa" yenu maana yake ni usiku wa Jumatano na Alhamisi kwa mtu fulani. Tunapenda kuisema Nike, na inastahili kusemwa. Lakini kwa fundi yule wa chumba cha nyuma, Nike ni ninyi.

Ile hadithi ya ujira na jasho sote tulifundishwa madrasa, kwa hiyo sitaihubiri hapa. Nitasema tu kwamba kuna oda nyingine ambazo hazina hata kisingizio cha kiongozi wa darasa: fulana za kukaribisha wanafunzi wapya Waislamu, hudi za chama chetu chuoni, sare za vijana wa kujitolea kwenye futari. Hizo tunaagiza sisi wenyewe. Mwenye kuamua bei ni sisi, mwenye kuamua siku ni sisi, na mara nyingi tunazitaka wiki moja kabla ya Ramadhani huku tukijua tangu mwaka uliopita kwamba Ramadhani inakuja.

Sasa sheria, maana watu wengi wanadhani fundi wa kulipwa kwa kipande hana sheria. Anayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na mama akijifungua anapata miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Na kuna kifungu kimoja ambacho mabosi wengi wanaomba usikijue, cha 37. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja au zaidi, sheria haimhesabu tena kama kibarua wa siku. Ana haki za mfanyakazi wa mwezi. Kuna watu wameitwa vibarua miaka mitano katika chumba kile kile, kwenye cherehani ile ile. Hao wana Tailors and Textiles Workers' Union, wana ofisi ya leba, na mahakama ya kesi za wafanyakazi inakaa Nakuru, huhitaji kwenda Nairobi.

Na wewe mwanafunzi una nini? Kama chuo chako ni cha umma, una kitu ambacho wale wa Duke walikalia ofisi saa 31 kukitafuta. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka kwa taasisi ya umma. Unaandika barua. Sheria inasema wazi unaweza kuandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Taasisi ina siku 21 za kukujibu, na ikikataa au ikinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman. Unaweza kuuliza nani alipewa zabuni ya majoho ya mahafali, ya jezi za timu, ya sare za wafanyakazi wa mesi na usafi. Kwa bei gani? Je, mkataba unasema chochote kuhusu mshahara wa wanaoshona? Ukikuta hausemi lolote, hapo ndipo kazi ya chama cha wanafunzi inapoanza: kipengele kimoja kiongezwe kwenye zabuni ijayo, kwamba anayeshinda ataje karakana yake na aonyeshe kwamba analipa angalau kima cha chini cha serikali.

Usiseme hilo litawaua wadogo. Sheria ya ununuzi wa umma tayari inataka 30% ya zabuni ziende kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kina dada wa Molo chenye mashine nne za sweta kinaweza kabisa kuomba. Wanaposhindwa ni pale mshindani anapoweza kushusha bei kwa sababu halipi watu wake. Masharti ya mshahara yanawasaidia wao kwanza.

Kuna la kitambaa pia, nitaligusa tu. Sehemu kubwa ya pamba ya China inalimwa Xinjiang, nyumbani kwa Wauyghuri. Mashirika ya haki za binadamu yamesema kwa miaka mingi kwamba kuna kazi ya kulazimishwa huko, China inakana, na tangu Juni 2022 Marekani inazuia bidhaa za eneo hilo kuingia isipokuwa mwagizaji athibitishe kwamba hazina kazi hiyo. Wengi wetu tumeshawahi kuposti kuhusu Wauyghuri. Sijaona tukimuuliza muuzaji wa kitambaa pamba yake ni ya wapi. Huenda hajui. Akiulizwa na wateja kumi atatafuta kujua.

Halafu tafadhali, jambo moja la tahadhari kwa sababu nawajua mnavyopenda simu. Usiende kwenye karakana ukaanza kurekodi video ya fundi uiweke TikTok. Video itapata laiki, na yeye atapoteza kazi Jumatatu. Hata wale wachunguzi wa Worker Rights Consortium huongea na wafanyakazi mbali na kiwanda, pale ambapo bosi haoni. Kama kuna fundi amekuamini akakueleza mambo yake, jina lake linabaki kwako. Karakana ya Kenyatta Avenue au ya mtaa wa nyuma si adui yako pia. Mwenye karakana mara nyingi naye amebanwa na bei ambayo ninyi mmemsukumia.

Kwa hiyo oda ijayo, kabla hamjatuma pesa, mtumie muuzaji ujumbe wenye maswali manne. Zinashonwa wapi? Fundi analipwa kiasi gani kwa kipande kimoja? Kwa siku anamaliza vipande vingapi? Tukikupa wiki tatu badala ya moja, kuna mtu atashona usiku? Muulize kwa adabu, kama mteja anayetaka kurudi tena. Kisha yeye akisema fundi akilipwa vizuri hudi itapanda shilingi 50, usijibu peke yako wala usiseme "watu hawatakubali". Peleka hiyo hesabu kwenye grupu kama ilivyo, 50 mara 60 ni 3,000, na mpige kura. Akikataa kutaja karakana kabisa, barabara ile ile ina wauza hudi wengine.